Kielelezo Namba Tatu

Mimi ni mkalimani wa mahakama, Nakuru.
Kazi yangu ni kuvusha maneno
kama anayevusha maji kwa viganja:
mengine humwagika.

Asubuhi hii hati ya mashtaka inasema
uchomaji wa jengo kinyume cha sheria,
Kaptembwo, usiku wa Jumanne:
mabati kumi na manne,
cherehani moja ya miguu,
sare za shule thelathini na moja, wenyewe hawajazichukua.
Jumla, shilingi elfu tisini na sita.

Mlalamishi ni Dorkasi.
Jina lake la pili silitaji,
hayo ndiyo yaliyokuwa yakitafutwa.
Hati nayo haikutaja kabila.
Moto ndio uliotaja.
Ulipita kwa kinyozi,
ukapita duka la mkaa (la mkaa!),
ukapita kibanda cha chapati,
ukagonga mlango mmoja.

Kielelezo namba tatu ni ubao wa mlango huo.
Nusu imeungua. Nusu ina rangi nyeupe ya brashi:
MADOADO
na herufi ya mwisho imeliwa na moto.

Wakili wa utetezi, kijana mwenye tai nzuri, anasimama.
Mheshimiwa, mama huyu ni fundi,
vitambaa vya madoadoa vimejaa kwake,
pengine hilo ni tangazo la biashara.
Viti vya nyuma vinacheka.
Si vyote. Wenye umri wa kukumbuka
wanatazama sakafu.

Hoja yake nyingine naijua, nimeifasiri miaka kumi na saba:
sheria huadhibu mkono,
haina kurunzi ya kumulika moyo.
Moto ni moto, bati ni bati.
Na humo mna ukweli unaonitia hofu:
leo tukiupima moyo wa Elkana,
kesho atakuja mwenye mizani yake
aipime ya wanyonge, aikute mizito.

Lakini sheria hii hii huuliza nia.
Aliyemgonga mtu kwa lori akisinzia
na aliyemvizia kwenye kona
hawalali jela miaka sawa.
Nia ikihesabika kule,
imekuwaje hapa iwe upepo?

Na bati la Dorkasi lina bei.
Zile familia tisa zilizohama wiki ile
bila kuguswa na cheche, je?
Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka;
ubao ule ulikuwa ung'ongo wa mtaa mzima.
Walipakia magodoro kwenye mkokoteni.
Hawamo kwenye hati. Hawakuchomewa kitu.

Elkana anapanda kizimbani. Ana miaka ishirini.
Anaongea lugha ya kwao, taratibu, bila chuki usoni,
kama anayeeleza jinsi ya kupanda viazi.
Nafasiri: Tulikuwa tunasafisha.
Hakimu anaandika huku akijisomea:
"Alikuwa… akisafisha… duka."
Karani anageuza ukurasa.

Sijawahi kumkatiza hakimu.
Nakohoa.
Mheshimiwa, ni wingi.
Amesema tu-, hakusema a-.
Na duka hakulitaja.

Kalamu inasimama.

Dorkasi anaulizwa anataka nini.
"Miaka mtampa ninyi.
Mama yake msimsumbue, ni mteja wangu.
Na watu wa kwao msiwatie humu,
hawakushika kiberiti.
Ila neno lile liandikwe.
Msiandike moto peke yake.
Moto hata jikoni upo."

Kesi imeahirishwa hadi tarehe kumi na nne.
Askari anaubeba ubao kuurudisha stoo,
ameukumbatia kifuani, maandishi yakitazama nje,
anapita nao katikati yetu.
Herufi ya mwisho haipo.
Hakuna aliyeshindwa kuisoma.